Mbao kwa Mechi

Ukitaka kujua watu wanacheza nini siku hizi
usiende kuuliza kwenye maduka ya vioo kule mjini.
Niulize mimi, Kerubo, mlango wa buluu,
Kariobangi Kusini, nyuma ya posho mili:
runinga tatu, pedi sita,
moja nimeifunga kitufe kwa plasta ya kidonda.

Mpira kwanza. Mpira daima.
Mbao kwa mechi, na aliyefungwa ndiye hulipa,
ndiyo maana Muthengi fundi viatu
hana ya sukari lakini ana timu nzima Ulaya.
Anauza winga, ananunua beki,
anabishana na bei kama yuko Gikomba:
“Huyu goti bovu, punguza!”
Runinga haipunguzi.

Kona ya pili ni ngumi.
Hapo huja wasususi wateja wakikauka.
Nanjala, mpole, sauti ya kuazima,
asiyethubutu kumwambia mwenye nyumba choo kimeziba,
humng'oa mtu meno kwa vitufe viwili
kisha humwambia, “Pole.”

Na mama mboga wangu wa pale nje,
kisu mkono huu, simu yenye ufa mkono ule,
hupanga peremende tatu tatu zipasuke.
Yuko ngazi ya mia nne na kumi.
Sukuma yangu huikata bila kuitazama.

Runinga ya tatu, iliyo karibu na ukuta,
alfajiri ilikuwa ya mzee Lutomia.
Bawabu wa usiku, Westlands,
alikuja na koti la kazi na harufu ya umande,
akavua kofia kama anaingia kanisani,
akaweka mbao yake mezani.
Hakutaka mpira. Hakutaka ngumi.
Alitaka lile gemu la shamba
ambalo vijana walilicheka wakaliacha.

Alilima polepole.
Aligeuza trekta kwa uangalifu wa mtu
anayejua jembe linavyouma kiganjani.
Siku moja, bila kuulizwa, akasema,
“Letu liliuzwa. Kaka yangu. Ekari mbili na mti wa mwarobaini.”
Nikasema “eeh”, nikaendelea kufagia.
Kwenye mashine shamba aliliita kwa jina la mamake,
akapanda mahindi hadi kwenye ua,
hakuacha hata njia ya kupita.

Stima ikipotea hapa, vijana hulia kwa sauti moja
kama waliofiwa.
Yeye alikaa gizani, mikono magotini.
“Mvua nayo hukatika,” alisema.

Kisha kampuni ikamhamishia Athi River.

Wiki ya tatu mashine ikajaa,
ikakataa msimu mpya wa mpira.
“Futa hilo shamba, Kerubo,
linakula nafasi, na mwenyewe hayupo!”
Kidole changu kilifika kwenye kitufe.
Nikafuta magari. Nikafuta vita viwili vizima.
Muthengi hakunisemesha hadi Jumapili.

Jana simu ikalia: shilingi ishirini zimeingia,
na ujumbe wa neno moja:
*Nivunie.*

Nimefunga mlango saa nne, nikavuta benchi.
Mimi huuza muda tu, kucheza sijui.
Nimeiendesha ile mashine ya kuvunia
nikavunja ua, nikaua kuku watatu,
nikaingia mtoni, nikatoka,
nikapita juu ya mahindi niliyokwisha kuvuna
nikimwomba radhi mama wa mtu.
Tokeni za stima zilikuwa zimebaki nne.

Saa sita usiku, magunia mia mbili.
Nimepiga picha runinga, nikamtumia
pamoja na ule ua uliovunjika, nisije nikaitwa mwongo.

Alikuwa macho, kazini.
Akajibu mara moja:
*Ua nitashona. Lakini usiuze sasa.
Ngoja Mei, bei ipande.*